Nguo wanazovaa Wachina si zile wanazotuuzia

UKISIMAMA saa kumi za jioni nje ya maduka ya Taikoo Li, eneo la Sanlitun jijini Beijing, hutakosa kuwaona wanaume wa makamo wameshika kamera zenye lenzi ndefu kama zile za wapiga picha wa mpira. Hawamsubiri waziri wala mchezaji. Wanamsubiri msichana yeyote apite amevaa vizuri.

Akitokea, wanamzunguka, wanarudi kinyumenyume mbele yake huku wakibofya. Wengine ni wastaafu. Kwetu mzee hukaa barazani kuangalia wapita njia. Hawa nao wanaangalia wapita njia, ila wana kamera.

Wasichana nao si wote wanaopita kwa bahati. Wapo wanaolipwa na wenye maduka ya nguo ili wapite mara tatu au nne, kila mara na vazi jingine. Picha zinaingia kwenye mtandao wa Douyin ulioanza mwaka 2016, au Xiaohongshu ulioanza mwaka 2013, na kabla ya kulala mtu wa mkoa wa mbali ameshauliza bei ya ile sketi. Wengine ambao hawakutumwa na mtu huficha uso kwa mkoba na kukaza mwendo, kwa sababu hakuna aliyewaomba ruhusa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari. Nilikimbia Burundi mwaka 1993 nikiwa na miaka 12, nikasomea kambini mkoani Kigoma, nikarejea nyumbani mwaka 2004. Kati ya mwaka 2016 na 2018 nilikuwa China kwa masomo ya shahada ya uzamili. Mwaka 2024 nilirudi huko kwa wiki tatu, safari hii nikiwa mkalimani wa shemeji yangu, mke wa kaka, ambaye biashara yake ya nguo hupitia mpaka wa Manyovu.

Siku ya pili tu aliniuliza, "Shemeji, hawa watu mbona nguo wanazotuuzia wenyewe hawazivai?"

Swali hilo linastahili jibu refu, kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu wana pesa zao ndani yake.

Kuponi na bugaluu

Wachina wenye umri wa miaka sitini na zaidi hawakukulia kwenye maduka kama yale ya Sanlitun. Kuanzia mwaka 1954 hadi mwishoni mwa mwaka 1983, kitambaa cha pamba kilinunuliwa kwa kuponi. Mwenye pesa asiyekuwa na kuponi alirudi nyumbani mikono mitupu. Sisi tuliopanga foleni na kadi ya mgao kambini hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Walikuwa na msemo wao kuhusu nguo: miaka mitatu mpya, miaka mitatu kuukuu, na mitatu mingine ya viraka. Mkubwa akiiacha nguo, mdogo wake anairithi.

Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, mwaka 1966 hadi 1976, umaskini wa kitambaa uliongezewa woga. Rangi zilikuwa buluu, kijivu na kijani cha jeshi. Mwaka 1967 vijana wa Walinzi Wekundu walimkamata Wang Guangmei, mke wa Rais Liu Shaoqi, wakamlazimisha kuvaa gauni la kubana la qipao kama lile alilovaa katika ziara ya Indonesia mwaka 1963, wakamtundika shingoni mkufu wa mipira ya tenisi ya mezani, na kumsimamisha mbele ya umati wa watu wamzomee. Kosa lake moja kati ya waliyoyataja lilikuwa gauni.

Suti ile ya kola iliyofungwa na mifuko minne, ambayo wao huiita suti ya Zhongshan kwa jina la Sun Yat-sen, wazee wetu waliosoma Tanzania wanaikumbuka kwa jina la chuenlai, kutokana na Waziri Mkuu Zhou Enlai aliyefika Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa hiyo mitindo ya China haikuanza kuingia kwetu na makontena. Ilianza na viongozi.

Mageuzi ya kiuchumi ya Deng Xiaoping yalitangazwa Desemba 1978. Miezi michache baadaye, mwaka 1979, mbunifu wa mavazi Mfaransa Pierre Cardin alifanya maonyesho yake Beijing mbele ya watazamaji waliovaa buluu na kijivu. Lakini waliobadilisha mitaa hawakuwa Wafaransa. Walikuwa vijana waliotazama filamu za nje na kusikiliza kanda za Hong Kong, wakaanza kuvaa bugaluu, zile suruali zinazofagia barabara. Juu yake wakavaa miwani mikubwa ya jua, na kibandiko cha kiwandani wakakiacha palepale kwenye kioo ili watu wajue imetoka nje ya nchi. (Nimewaona vijana wa Buyenzi wakifanya hivyohivyo na kofia.)

Katika baadhi ya shule na viwanda, walinzi walisimama getini na mkasi. Aliyekuja na bugaluu ilikatwa akiwa ameivaa. Msomaji wa upande wa Tanzania asicheke sana, maana Operesheni Vijana iliyotangazwa mwaka 1968 ilikuwa na shabaha hiyohiyo: sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Katibu Mkuu wa chama, Hu Yaobang, akawahimiza watu kuvaa suti za kimagharibi. Mwaka 1984 ilitoka filamu kuhusu wasichana wa kiwanda cha nguo cha Shanghai na sketi nyekundu, na sketi nyekundu zikajaa barabarani. Kutoka kuponi hadi sketi nyekundu ni mwaka mmoja.

Guangzhou haina usingizi

Tuje kwenye mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua.

Waliokuwa wakienda Guangzhou miaka ya 2000 watakumbuka mtaa wa Xiaobei na jengo la Tianxiu, ambako ungeweza kula ugali, kusuka nywele na kutuma mzigo bila kusema neno la Kichina. Mtaa bado upo, lakini Waafrika wamepungua sana. Sheria za viza zilibana, na Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba walizopanga na hoteli zikawakataa. Baadhi ya waliokuwa na ofisi huko hawakurudi tena.

Mimi na shemeji hatukuanzia huko. Nilimpeleka kwanza kijiji cha Kangle, wilaya ya Haizhu, karibu na soko kubwa la vitambaa la Zhongda. Kukiita kijiji ni mazoea tu: ni vichochoro ndani ya jiji, nyumba zimebanana kiasi kwamba mtu anaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani, na karibu kila ghorofa ina vyerehani. Mafundi wengi wametoka mkoa wa Hubei.

Asubuhi wenye karakana husimama pembeni mwa barabara, kila mmoja ameshika nguo moja ya mfano mkononi. Fundi anakuja, anaigeuza nguo ndani nje, anahesabu mishono, anakagua kola na mfuko, halafu anauliza bei ya kipande. Wakikubaliana anaingia kazini siku hiyohiyo. Wasipokubaliana anakwenda kwa anayefuata. Shemeji alisimama pale karibu saa nzima. Alisema ndiyo mara yake ya kwanza kuona mahali ambapo fundi ndiye anayemkagua tajiri.

Hapo ndipo ilipo siri ya kasi ya nguo za China. Picha iliyopigwa Sanlitun jioni inaweza kufika kwa mkataji wa Guangzhou usiku huohuo, kitambaa kikachukuliwa Zhongda kwa pikipiki alfajiri, na nguo ikaonyeshwa kwenye simu na muuzaji wa moja kwa moja baada ya siku chache. Kampuni ya Shein, inayouza kwa bei ya chini Ulaya na Marekani, imejenga biashara yake juu ya karakana za wilaya ya Panyu, kusini mwa jiji hilo: inaagiza vipande vichache kwanza, ikiona vinanunuliwa inaongeza.

Soko la Shahe huamka wakati wengine wamelala, usiku wa manane hadi alfajiri. Ni la nguo za bei ya chini. Shisanhang ni la asubuhi, nalo hufuata mtindo kwa karibu zaidi. Ukifika baada ya chakula cha mchana umechelewa. Baima, mbele ya stesheni ya reli, lipo tangu mwaka 1993 na bei zake zimesimama juu kidogo. Katika masoko haya usiulize kipande kimoja. Watakutazama kama mtu aliyepotea njia.

Na hapa ndipo swali la shemeji lilipopata jibu. Mwaka ule wa 2024 huoni msichana wa Guangzhou amevaa jinzi ya kubana. Wote walikuwa kwenye suruali pana, zinazoning'inia, na raba nene. Lakini kwenye vibanda vya nyuma jinzi za kubana zilikuwa zimerundikwa hadi darini, na muuzaji akiona uso wa Mwafrika anazishusha zenyewe, bei imekatwa karibu nusu. Hizo ndizo zinazotufikia. Hazitufikii kwa sababu tumezichagua. Zimekataliwa kwao, na gharama ya kuendelea kuzipangia stoo imekuwa kubwa.

Shemeji alikuwa na mtaji wa miaka sita, pamoja na mkopo wa kikundi chao cha akina mama. Tulikaa kwenye ngazi za soko, yeye na kikokotoo, mimi na chupa ya chai.

"Mwalimu, Bujumbura bado wanataka ya kubana," alisema.

Nikamuuliza, "Na mzigo utafika lini?"

Alinyamaza. Kontena la kuchangia hadi Dar es Salaam, kulitoa bandarini, Kigoma, Manyovu, Mugina: alihesabu kwa vidole miezi mitatu, ikienda vizuri. Aligawa pesa. Jinzi za kubana 300, suruali pana 200.

Namba za kwenye lebo

Wengi wameumizwa na saizi, kwa hiyo nitalieleza hili taratibu. Nguo iliyotengenezwa kwa soko la ndani la China mara nyingi haina S, M, L peke yake. Ina maandishi kama 165/84A. Namba ya kwanza ni urefu wa mtu kwa sentimita. Ya pili, kwa nguo ya juu, ni mzunguko wa kifua, na kwa suruali ni kiuno. Herufi inaeleza umbo: Y ni mwenye kiuno chembamba kuliko kawaida, A ni wa kawaida, B ni aliyejaa kidogo, C ni mnene.

Kwa mwanamke, A maana yake kifua kinazidi kiuno kwa sentimita 14 hadi 18. Lebo haisemi chochote kuhusu nyonga. Mama zetu wanajua wenyewe tatizo linaanzia wapi. Kipimo cha uhakika ni utepe wa fundi: pima nyonga ya suruali ikiwa imelazwa mezani, zidisha mara mbili, usimsikilize muuzaji.

Vazi la mababu

Jambo lililonigusa zaidi, kama mtu aliyerudi kwao, ni habari ya hanfu.

Hanfu ni vazi la Wachina wa kabila la Han la kabla ya mwaka 1644, wakati Wamanchu walipochukua utawala: mikono mipana, kola inayopishana, mkanda kiunoni. Ile qipao ambayo dunia nzima huiita vazi la Kichina ilipata umbo lake Shanghai miaka ya 1920, na asili yake inahusishwa na mavazi ya Wamanchu. Novemba 2003, Wang Letian, mkazi wa mji wa Zhengzhou, alitoka nje na kutembea mitaani akiwa amevaa hanfu. Habari zake zikaenea, na vijana wengine wakaanza kumfuata.

Kwa miaka mingi walidhaniwa ni Wajapani. Oktoba 2010 mjini Chengdu, wakati wa maandamano ya kuipinga Japani, kundi la watu lilimzunguka msichana mmoja mgahawani wakidai amevaa kimono. Walimlazimisha kulivua, wakalichoma moto. Lilikuwa vazi la mababu zake na mababu zao.

Tuliporejea mwaka 2004 tulijulikana kwa kitenge tulichokifunga kwa namna ya Kigoma na kwa Kiswahili chetu. Sokoni tuliitwa Watanzania, na kule Kigoma tulikuwa tumeitwa Warundi kwa miaka kumi na moja. Hakuna aliyechoma nguo zetu. Lakini mama yangu aliacha kuvaa kanga nje ya nyumba kwa karibu mwaka mzima, na hakutueleza kwa nini.

Leo hanfu haifichwi. Sketi yake ya mapande, mamianqun, inavaliwa na fulana na raba ndani ya treni. Julai 2022 wanafunzi wa Kichina waliandamana mbele ya duka la Dior mjini Paris, wakidai kampuni hiyo imeichukua sketi yao na kuiita yake. Sehemu kubwa ya hanfu za bei nafuu hushonwa wilaya ya Cao, mkoa wa Shandong, mahali ambapo zamani palijulikana kwa kutengeneza majeneza ya kuuza Japani.

Fahari hii ina upande wake mwingine. Agosti 2022 polisi wa mji wa Suzhou, mkoa wa Jiangsu, walimchukua msichana aliyekuwa akipigwa picha barabarani na kimono. Mwaka uliofuata ikatoka rasimu ya sheria iliyotaka kuadhibu mavazi "yanayoumiza hisia za taifa". Wananchi wengi, wakiwamo wanasheria, waliuliza ni nani atakayepima hisia hizo. Maneno hayo yaliondolewa katika rasimu ya mwaka 2024. Kwa nchi ambayo wengi wetu tunaiona kama mahali pasipo na ubishi, ubishi huo haukuwa mdogo.

Koti la jeshi

Kama mwalimu, nilitazama sana wanafunzi. Sare za shule nyingi za China ni truksuti pana zinazofanana kwa wavulana na wasichana, na mji mzima wa Shenzhen una sare za aina moja. Wanafunzi huzilalamikia kila siku. Wakimaliza shule wanazinunua tena na kuzivaa mitaani kama mtindo.

Mwishoni mwa mwaka 2023 baridi ilipoingia, wanafunzi wa vyuo walianza kuonekana na makoti mazito ya kijani ya jeshi, yaleyale waliyovaa babu zao, na makoti ya pamba yenye maua makubwa mekundu ya wakulima wa kaskazini mashariki. Magazeti yaliandika kuwa ni mtindo. Vijana wenyewe walisema ni bei: koti la manyoya ya bata la kampuni yenye jina lilikuwa yuan elfu moja, mbili, hata zaidi, na la jeshi lilipatikana kwa chini ya yuan mia moja na kitu.

Mapema mwaka 2024 likafuata jingine. Wafanyakazi wa ofisini walianza kupiga picha wakiwa kazini na nguo za kulalia, ndala na soksi zisizolingana, wakisema mshahara wanaopata ndio unaostahili mavazi hayo. Wachina waliokua kwenye kuponi walishangaa. Mwanafunzi mwenzangu wa zamani, sasa ana watoto wawili, aliniambia mama yake alilia alipomwona mjukuu na koti la kijani, kwa kuwa alijitahidi miaka arobaini asilivae tena.

Wapo wazee ambao hawalii. Mwaka 2015 Wang Deshun, mwigizaji mwenye miaka 79, alipanda jukwaa la maonyesho ya mavazi Beijing kifua wazi, misuli imechongeka, na video yake ikatazamwa nchi nzima. Kwenye bustani za Guangzhou asubuhi utawakuta akina mama wa umri wake na miavuli, vilemba vya hariri na rangi ambazo binti zao hawathubutu kuzigusa.

Mzigo wa shemeji ulifika Mabanda baada ya miezi minne, si mitatu. Suruali pana 200 ziliisha ndani ya wiki tano, nyingi zikinunuliwa na wasichana waliokuwa wameshaziona kwenye simu. Zile za kubana zilikwenda polepole, kwenye masoko ya vijijini, bei ikipunguzwa mara mbili. Mkopo wa kikundi umelipwa. Nilipompigia simu wiki iliyopita alikuwa amebakiza jinzi 41, zote kiuno 26, na alikuwa ananiuliza kama zile sketi za mapande zinaweza kushonwa kwa kitenge.